Miti ya Boaz Kule Theta

"Viola, toa Theta kwenye utafiti wako. Nakuomba hiyo tu."

Walikuwa wamekaa hotelini Thika, chai inapoa. Viola alikuwa mhadhiri. Alichunguza kama miradi ya kurudisha miti ya asili kando ya mito inawahusisha wenyeji na kuwajibika kwao. Boaz alisimamia mradi kama huo kando ya mto Theta. Tena alikuwa mchumba wake, na wazazi walikuwa wameshakubaliana.

"Nimefika huko, Boaz. Miti imekauka. Mkulima mmoja, Mama Ngina, anasema mliwang'olea nduma mkapanda bila kuwauliza."

"Tuliita mkutano!"

"Mliita wapiga picha."

"Wafadhili wakisoma hayo nimeisha. Unataka kuolewa na mtu hana kazi?"

"Siwezi kuandika uongo. Na siwezi kuandika kukuhusu mimi mwenyewe. Nimemwambia Njau wa idara yetu kwamba wewe ni mchumba wangu. Theta ataishika yeye."

"Aki Viola! Umenipeana nichinjwe!"

Akatoka bila kuaga.

Wiki zikapita kimya. Viola alifundisha, akarudi kwake Ruiru, akalia, kesho yake akafundisha tena. Halafu ujumbe wa Boaz ukaingia:

"Jumamosi nakutana na akina mama Theta. Hakuna kamera. Kuja ukitaka."

Alienda, akakaa nyuma kabisa.

Mama Ngina hakumzungusha Boaz.

"Kijana, ulitung'olea chakula. Leo umeleta nini?"

"Msamaha, mama. Na swali nilifaa kuuliza mwanzo. Miti ikae wapi, na nduma zikae wapi?"

"Ũũi! Kumbe unajua kuuliza?"

Walibishana asubuhi nzima. Mwishowe wakakubaliana: miti ukingoni, nduma kwenye kinamasi, na akina mama wawe na uwezo wa kusimamisha kazi ikienda vibaya.

Watu walipotawanyika, Boaz alimfuata Viola.

"Njau ataandika yote," Viola alisema.

"Najua. Nilimweleza yote mimi mwenyewe."

"Na kazi?"

"Wamenishusha cheo. Sasa nasimamia miche tu. Nilikukasirikia sana, Viola. Lakini kila nikifikiria, sioni mahali ulinikosea. Bado uko?"

Viola akamsogelea.

"Niko. Lakini ukianza kupanga maisha yetu peke yako, utanikosa."

"Sawa. Basi nauliza. Harusi iwe lini?"

"Aprili. Ruiru, kwa kanisa letu."

"Mamangu alitaka Disemba."

"Mpigie tumwulize."

Boaz akatoa simu.