Mstari wa Saba

Kila siku nikitoka shule nilipanda lifti hadi ghorofa ya sita, na njiani nilijitazama kwenye kioo cha mle ndani kuhakikisha sina wino puani. Mama yangu ni fundi wa lifti. Jengo letu ni moja kati ya majengo kumi na mawili anayoyahudumia, kwa hiyo majirani humwita Mama Lifti, na wakikwama humpigia simu hata akiwa bafuni. Akirudi jioni, kabla hajavua ovaroli lake lenye mafuta, humpigia mwenzake wa kazini na kumuuliza swali moja: "Zile nati umezikaza?" Akijibiwa ndiyo, huuliza tena. Mimi nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni tabia tu, kama ya mtu anayefunga mlango kisha akarudi kuusukuma aone kama umefungwa.

Shuleni waliniita Mhasibu kwa sababu nilikuwa hodari wa kujumlisha kwa kichwa. Jina hilo lilinivimbisha kichwa kuliko ilivyofaa. Mwenzangu wa dawati aliitwa Kobe. Alikuwa msichana mpole, mwenye kuandika taratibu na kupiga mstari kwa rula hata chini ya tarehe. Tukimtania, alijibu, "Polepole ndio mwendo," akaendelea na mstari wake.

Muhula huo Mwalimu wa hesabu alitupa mradi wa wawili wawili.

"Mtabuni bustani ya michezo," alisema. "Nawapa milioni thelathini. Msichekelee, ni za kwenye karatasi! Orodha ya bei hii hapa. Pangeni mnachotaka kujenga, na jumla isizidi hata senti moja. Kisha bunini familia moja ya wageni, mpige hesabu ya matumizi yao ya siku nzima. Siku ya wazazi kila kikundi kitaeleza bustani yake. Kitakachoshinda kitatuwakilisha kwenye mashindano ya shule zote."

Mimi na Kobe tulibuni baba dereva, mama mshonaji, bibi mwenye fimbo, na mtoto wa miaka sita aliyeng'oka meno ya mbele. Tulimwita Kibogoyo. Kobe alimchora akiwa na fulana ya mistari na kamba ya kiatu kimoja ikiburuzika. Nilimpenda mtoto huyo kana kwamba ni mdogo wangu.

Hesabu ya bustani tuliipanga kwa mistari saba: uzio na lango milioni nne, vyoo na maji milioni tatu na nusu, bembea milioni mbili na nusu, treni ndogo milioni sita, gurudumu kubwa la kuzungusha watu hewani milioni tisa na laki mbili, mishahara milioni tatu. Mstari wa saba aliuandika Kobe: *Ukaguzi na matengenezo, milioni moja na laki nane*. Jumla ikawa milioni thelathini kamili.

"Lakini sijapata Nyumba ya Vioo!" nililalamika. Kwenye orodha ya Mwalimu kulikuwa na nyumba ya vioo inayomfanya mtu ajione mrefu, mfupi au mnene. Niliitamani kuliko vyote.

"Hela imeisha," alisema Kobe.

"Si tutoe huo mstari wako? Nani atafurahia kuja kutazama ukaguzi?"

"Kitu kinachobeba watu lazima kikaguliwe. Waulize kwenu."

Sikuwauliza kwetu. Ijumaa nilichukua daftari kwenda kuandika nakala safi. Nikiwa peke yangu mezani niliiangalia tena bei ya Nyumba ya Vioo. Ilikuwa milioni moja na laki nane, sawasawa na mstari wa saba! Nikauacha mstari wa Kobe, mahali pake nikaandika *Nyumba ya Vioo*. Tarakimu sikugusa hata moja. Jumla haikubadilika. Bustani ya karatasi itamuumiza nani?

Jumatatu Kobe aliuliza, "Umenakili kila kitu?"

"Kama ulivyoandika," nilijibu, nikampelekea Mwalimu daftari haraka kabla Kobe hajalifungua.

Siku iliyofuata nilichukua daftari jingine, nikakaa kufanya mazoezi ya hesabu za familia yetu ya kubuni. Tiketi nne za treni, tiketi nne za gurudumu. Kichwani niliwaona wakipanda viti vya gurudumu: baba, mama, bibi na fimbo yake. Kibogoyo akawa wa mwisho. Aliketi, akashika chuma, kisha akageuka kunitazama.

"Dada, imekadhwa?" aliuliza. Kwa kuwa hakuwa na meno ya mbele, *z* yake ilitoka kama *dh*.

Nilifunga daftari. Nikalifungua tena, nikaanza upya na tiketi za bembea. Alikuwepo. Nikaruka nikaenda kwenye bei ya soda. Hata kwenye soda alikuwepo, ameshika chupa bila kunywa, ananitazama.

"Dada, imekadhwa?"

Tangu hapo hakunipa nafasi. Mwalimu akiita majina darasani, nilisubiri Kibogoyo naye aitike. Nikifunga viatu, nilikumbuka kamba yake inayoburuzika, nikaogopa atajikwaa kwenye ngazi za gurudumu. Nilijua hayupo, tulimbuni sisi wenyewe. Hata hivyo, niliogopa, tena niliogopa mchana kweupe.

Alhamisi niliingia kwenye lifti peke yangu. Nilijitazama kwenye kioo kama kawaida, nikahisi kuna mtu mfupi amesimama nyuma ya begi langu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Lifti ikapanda, ikasimama ghorofa ya nne, mlango ukafunguka wenyewe. Koridoni kulikuwa kutupu, viatu vya jirani tu vimepangwa mlangoni. Kwa kawaida ningesema ni wale watoto watundu wa ghorofa ya nne, wanaobonyeza kitufe na kukimbia. Siku hiyo nilitoka mbio, nikamalizia safari kwa ngazi.

Nilipanda ngazi Ijumaa pia. Jumamosi Mama alinikuta nikihema mlangoni na mfuko wa vitunguu.

"Binti wa fundi wa lifti anapanda ngazi!" alishangaa. "Unataka kuniharibia kazi? Watu wakikuona watasema mama mtu kashindwa."

"Naogopa, Mama."

Alinitazama kidogo, akaacha kucheka. Akachukua funguo zake, akanipeleka juu ya paa, kwenye chumba cha mashine. Kilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya grisi na joto la mota. Alinionyesha kamba za chuma, akanigusisha breki ikiwa imezimwa umeme, kisha akanionyesha kadi iliyotundikwa ukutani. Kila mwezi ulikuwa na mstari wake, na kwenye kila mstari sahihi ya Mama. Mwanzoni mwa kadi tu, mistari mitatu ilikuwa mitupu.

"Na hii?" niliuliza.

"Hapo nilikuwa sijakabidhiwa jengo hili. Kamati ya wapangaji ilichukua hela ya ukaguzi ikapaka rangi ukumbi wa chini. Ukumbi ulipendeza kweli."

"Kukatokea nini?"

"Hakukutokea kitu."

Nilishusha pumzi. Mama akatikisa kichwa.

"Ndicho kinachonitisha mimi, mwanangu. Miezi mitatu watu walipanda na kushuka, wazee, watoto, na hakuna aliyejua kama kamba zinawatosha. Walipona kwa bahati. Na mtu akipona kwa bahati hujiona mjanja, kesho anarudia."

Ulimi ulinijaa maneno, lakini sikuyatoa. Nilikuwa nawaza mashindano, na jina langu likisomwa mbele ya shule zote. Nilishuka naye kwa lifti huku nimeng'ang'ania mkono wake, na mtu mzima mwenye miaka kumi na miwili!

Siku ya wazazi ilifika. Mwalimu alikuwa amezibandika hesabu za vikundi vyote kwenye mbao, kila moja imefunikwa kwa karatasi mpaka wakati wa maswali yake ufike. Ninyi mnaweza kujua nilivyolala usiku wa kuamkia siku hiyo. Kikundi chetu kilikuwa cha tano. Mimi nilieleza michezo, watu wakapiga makofi nilipoitaja Nyumba ya Vioo. Kobe alishtuka, akanitazama, lakini zamu yake ya kueleza matumizi ya familia ilikuwa imefika. Alisimama na kuanza kusoma kutoka kwenye karatasi yake ndogo.

Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Mama, bado na ovaroli la kazini. Alisimama kusikiliza. Kobe alipomaliza, Mwalimu akauliza kama kuna mzazi mwenye swali, na Mama akanyoosha mkono.

"Hongereni, wanangu," alisema. "Gurudumu nimelisikia na treni nimeisikia. Hela ya kuvikagua iko wapi?"

Uso wa Kobe ulichangamka. "Ipo, mama. Mstari wa saba!" Akaifunua hesabu yetu ubaoni, akaweka kidole chake kwenye mstari wa saba, akasoma kwa sauti: "Nyumba ya..."

Hakumaliza. Watu wakaanza kucheka. "Kobe, ukaguzi unaufanyia kwenye kioo!" mmoja alipayuka kutoka nyuma, na kicheko kikazidi.

"Uliusahau?" Mwalimu alimuuliza.

"Niliuandika, Mwalimu."

"Mbona haupo?"

Kobe alitazama ubao, akatazama karatasi yake. Kisha akanitazama mimi. Ningeweza kunyamaza. Kila mtu alijua Kobe ni mzito, na Mhasibu hakosei. Nyuma ya kiti chake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, nilimwona Kibogoyo na kamba yake ya kiatu. Safari hii hakuuliza kitu. Alikuwa anamtazama Kobe tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ni mimi, Mwalimu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Mstari ni wa Kobe, aliuandika vizuri. Mimi ndiye niliyeutoa wakati wa kunakili, nikaweka Nyumba ya Vioo. Halafu nikamdanganya kwamba nimenakili kama ulivyokuwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema Kobe polepole. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta kwa tai. "Mhasibu, jumla yako ni sahihi," alisema. "Niliisahihisha mwenyewe, nikaweka alama ya vema. Basi leo tumejifunza sote wawili. Hesabu inaweza kutoka sawa na bado ikawa ya uongo. Kujumlisha ni kazi nyepesi. Kazi ni kuwa mkweli kuhusu kile unachojumlisha." Akampa Kobe kalamu nene. "Rekebisha, mwanangu."

Kobe alichukua kalamu na rula. Akaikata Nyumba ya Vioo kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake *Ukaguzi na matengenezo*. Hakuna aliyecheka. Niliomba radhi mbele ya wote, nikamwomba na yeye. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Tuliondolewa alama za nakala, tukawa wa nne. Mashindano walikwenda wengine. Kobe alihamia dawati la mbele kwa siku nne. Siku ya tano alirudi, akaweka rula katikati yetu, akasema, "Nakala safi kuanzia leo naandika mimi." Nilikubali upesi kuliko nilivyowahi kukubali kitu chochote.

Jioni ile ya siku ya wazazi nilirudi nyumbani na Mama kwa miguu. Nilitegemea kugombezwa, lakini hakunigombeza; tulifika chini ya jengo letu, akabonyeza kitufe cha lifti. Tulipokuwa tukisubiri nilimweleza habari za Kibogoyo, tangu mwanzo. Nilidhani atanicheka.

"Mimi wangu ni mwanamke mjamzito," alisema Mama. "Ana dumu la maji mkononi, anasubiri ghorofa ya nne. Hajawahi kuwepo. Nilimuona mara ya kwanza mwaka nilioanza kazi, siku niliyotaka kuondoka mapema bila kukaza nati mbili za mwisho."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi nikazikaza. Na mpaka leo, nikishika spana, namuona."

"Ataondoka lini?"

"Kwa nini aondoke? Kazi yoyote utakayofanya, mwanangu, iwe ya spana au ya kalamu, itawafikia watu usiowajua, na hawatakuwepo kukuuliza kama umeifanya kwa ukweli. Lazima ujiulize wewe kwa niaba yao. Siku ukiacha kuwaona, kazi hiyo iache, waachie wengine."

Lifti ikafika na mlango ukafunguka. Tuliingia, tukasogea hadi kwenye kioo, tukaacha mbele yetu nafasi ya watu wawili na dumu la maji.