Neno Chini ya Ukurasa

Mzee Aweys alilala kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, miwani imevunjika chini ya shavu. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Chuma cha kukandamizia majalada kilikuwa sakafuni, kimefutwa damu na alama zote za vidole.

Inspekta Saynab Ogle aliwapisha wapiga picha. Alimjua marehemu, kama Garissa nzima ilivyomjua. Mzee alizunguka kutoka Griftu hadi Ifo akifunguliwa masanduku ya watu, akinusa karatasi na kukagua wino, akiwaambia wenyewe kipi ni hazina na kipi ni cha juzi kilichopakwa chai kionekane kikongwe. Vilivyo hazina alivichagulia chumba maalumu cha Maktaba ya Wakfu. Nani wa kumuua mtu wa namna hiyo? Saynab alikasirika, wala hakuificha hasira yake.

Fartun, msimamizi wa maktaba, ndiye aliyemkuta saa nane mchana. Alieleza kwamba asubuhi alimwacha mzee na kitabu kimoja tu, cha kuandikwa kwa mkono, Kisomali kwa herufi za Kiarabu. Kililetwa wiki iliyopita na Warsame, mfugaji wa Habaswein. Bado kilikuwa mezani.

"Basi hakuna kilichoibwa," alisema Saynab.

"Kipo." Fartun alikifungua taratibu. "Wa zamani hawakuweka nambari za kurasa. Chini ya ukurasa waliandika neno linaloanza ukurasa unaofuata, ili mjalidi asizichanganye anapozishona. Hapa pameandikwa 'ceel'."

"Kisima."

"Lakini ukurasa unaofuata unaanza na 'geel'. Ngamia."

Saynab aliinama. Kwenye mshono palibaki ukingo mwembamba wa karatasi iliyochanwa. Mtu alikuwa ameua kwa ajili ya karatasi moja inayoanza na kisima.

Mwenye kisima hakutafutwa mbali. Warsame na familia ya mzee Diriye walikuwa wakigombea kisima kimoja, na Jumamosi wazee wangeamua. Ukame ulikuwa mwaka wa tatu. Atakayekikosa angekosa ngamia, na baada ya ngamia ni foleni ya chakula cha msaada.

Warsame alifika kituoni bila kusumbua. Alisema kitabu alikileta kiwe ushahidi kwamba babu yake Mahat ndiye aliyekichimba kisima, na tangu siku ile hakurudi maktaba. Alipekuliwa, hakupatikana na kitu.

Askari walikuwa wakichakura mapipa ya taka Saynab alipowarudisha. Alijiona mjinga. Kila ukurasa wa kitabu kile ulikuwa na aya za Kurani pembezoni, na karatasi ya namna hiyo haitupwi kwenye taka. Tangu chuo cha Kurani alilijua hilo.

Msikiti ulikuwa karibu na maktaba. Nyuma yake lilikuwapo pipa la kurasa za misahafu iliyochakaa, zikisubiri kuzikwa. Nuh, mtunzaji wa msikiti, alilifungua. Katikati ya kurasa za chapa palikuwa na kitambaa cheupe, na ndani yake karatasi moja ya kahawia, ya mkono. Neno la kwanza: ceel.

"Nani aliileta?"

"Warsame," alisema Nuh. "Leo adhuhuri. Aliswali safu ya kwanza, halafu akanipa. Nikamwambia Mungu akulipe, watu wengi wanasahau hii kazi."

Jioni Saynab aliweka kile kitambaa mbele ya Warsame, Fartun akiwa kando yake na kile kitabu, ili aisome karatasi. Warsame alikitambua mara moja, mabega yakamwanguka. Alikumbushwa haki zake. Alisema atasema.

"Adeer," Saynab alimwita kwa heshima ya mtu mzima, "ulijua kilichoandikwa?"

"Mimi sijui kusoma hiyo herufi. Baba aliniambia kitabu ni ushahidi yetu. Nikaleta mwenyewe, kwa mkono yangu."

"Aweys akakusomea."

"Akanisomea. Kisima ilichimbwa na watu ya Diriye. Mahat alikuja mgeni mwaka ya njaa, akapewa maji." Alikisogeza kile kitambaa kando. "Nikamwomba atoe hiyo karatasi moja tu, kitabu ibaki. Akakataa. Akasema akichagua kitabu anachagua yote, na Jumamosi atasomea wazee. Nina watoto tisa, abaayo, dada yangu. Maji ni hiyo tu."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Mto Tana uko pale. Kwa nini hukuitupa karatasi?"

Warsame alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Jina ya Mungu iko ndani. Mimi si mtu wa kutupa jina ya Mungu."

Saynab aliliandika jibu lile neno kwa neno. Alitamani kumpiga kofi. Badala yake akauliza kama Aweys alifika mwisho wa karatasi.

"Hapana. Alikuwa anageuza."

Saynab alimpa ishara Fartun. Fartun aliigeuza karatasi, akasoma upande wa nyuma polepole, akiitafsiri sentensi ya mwisho: "Nasi wenye kisima tumeapa mbele ya Mahat kwamba..." Chini kabisa, pembeni, lilikuwapo neno moja. Geel.

Akakifungua kitabu pale karatasi ilipochanwa, akaendelea: "Ngamia wao na wetu watakunywa pamoja, wao na watoto wao, kisima kikiwa na maji."

Warsame aliomba asomewe tena. Fartun alimsomea tena.