Rimoti Iliyonyamaza Maji Yakijaa

Daraja halikuwepo. Pale lilipokuwa, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yakikimbia na magogo na mizizi, na nguzo moja ya zege ilibaki katikati, imeinama. Uweso alishuka akatazama, akarudi garini mabega yakiwa yamelowa chapachapa.

"Hapa hatupiti," alisema. "Turudi Pangani?"

"Turudi tukawaambie nini?" dada yake, Hafsa, alijibu bila kugeuza kichwa.

Hafsa alikuwa muuguzi. Mvua za Elinino zilikuwa zimeikata pwani yote vipande vipande, na kutoka kijiji cha Mivinjeni, kusini ya mto, mtu mmoja alikuwa amefika kwa miguu na habari ya kipindupindu. Watu walikuwa wakiharisha na kutapika, na chumvi ya kuchanganyia maji imekwisha. Gari la zahanati lilikuwa limekufa siku nyingi. Ndipo Hafsa alipomwendea mdogo wake, mfanyabiashara wa Usagara, Tanga. Wakati wa dhiki, sabuni ilipokuwa ikitafutwa kama dawa, Uweso alikuwa akivuka mpaka wa Horohoro kwa njia za porini na mzigo kichwani. Biashara ilipofunguliwa alikwenda Dubai, na kutoka huko akaleta gari hili jeupe, la kuvuta magurudumu yote manne, lenye alamu inayofungwa na kufunguliwa kwa rimoti. Hakumwazima mtu. Lakini dada yake alipomwambia watu wanakufa, alijaza mafuta na kukaa kwenye usukani mwenyewe. Nyuma walipakia maboksi ya dripu, dawa, chumvi, sukari, galoni ya maji ya kunywa na chupa ya chai.

"Tushuke ufukweni," Uweso akaamua. "Bahari inatoka. Mto huu hugawanyika vijito viwili ukifika baharini. Tutapita juu ya mchanga mpaka ng'ambo ya kijito cha pili."

Kijito cha kwanza walikivuka maji yakigusa vizingiti vya milango. Mbele yake ufukwe ulinyooka, mgumu na mweusi kwa unyevu. Kushoto bahari, kulia ukuta wa mawe ya matumbawe na juu yake kichaka cha miiba ambamo nyati walikuwa wakikoroma. Walipofika kwenye mdomo wa kijito cha pili, mshale wa joto la injini ulikuwa umepanda. Uweso akazima gari.

"Maji bado yanatoka. Tungoje kidogo, injini nayo ipoe."

Rimoti ilikuwa ikimsumbua tangu Tanga. Lazima aisogeze kwenye kioo na kuibonyeza mara kadhaa ndipo gari lisikie. Alikuwa amenunua betri mpya kwa fundi saa. Akaona huu ndio wakati. Alikibandua kifuniko kwa sarafu, akaitupa betri ya zamani baharini, akatia mpya, akafunga. Kisha akavua viatu na kuingia majini kutafuta pa kupita, ufunguo na rimoti vikining'inia shingoni.

Hafsa alimwona akienda mbali, karibu na mahali mawimbi yalipokuwa yakivunjika, akipiga mchanga kwa kisigino, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akageuka kurudi. Halafu akapiga ukelele ambao Hafsa hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, akaanguka.

Hafsa alishuka akaufunga mlango nyuma yake, akakimbia. Alimkuta ameshika mguu, uso umekuwa wa kijivu. Juu ya fundo la mguu palikuwa na tundu lenye kingo zilizochanika, na mwiba mrefu wenye meno umekwama ndani.

"Taa," Uweso alisema. "Nimemkanyaga samaki taa."

Alimkokota mpaka ubavuni mwa gari. Mwiba ulikuwa umekaa juujuu. Aliuchomoa kwa koleo ya zahanati iliyokuwa mfukoni mwake, damu ikatoka nyeusi. Sumu ya taa huvunjwa nguvu kwa joto, na Hafsa alijua hilo. Lakini moto angeutoa wapi? Chupa ya chai! Alichukua ufunguo na rimoti shingoni mwa ndugu yake akaufungua mlango.

King'ora kililia. Kilipiga mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mikoko. Alamu ile ilikuwa na tabia ya kujifunga yenyewe gari likiachwa limezimwa, na sasa ilimwona Hafsa kama mwizi.

"Bonyeza rimoti!" Uweso akapiga kelele.

Alibonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, na tena. Akaacha, akachukua chupa ya chai, akamimina chai ya tangawizi ndani ya mfuko wa plastiki, akaipima kwa mkono wake, akautumbukiza mguu wa Uweso humo. Uweso aliuma meno. Taratibu pumzi yake ikaanza kutulia.

King'ora kilinyamaza chenyewe. Ndipo Hafsa alipotazama bahari. Ule mstari wa povu haukuwa pale ulipokuwa. Maji yalikuwa yamegeuka.

Alikaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. King'ora kilianza upya, taa nyekundu ya kwenye dashibodi ikapepesa, na injini haikutoa hata mguno.

"Alamu imeikata," Uweso alisema kutoka chini. "Bila rimoti haiwaki."

Nyuma yao kijito cha kwanza kilikuwa kimeshajaa. Ukuta wa matumbawe Hafsa angeweza kuupanda peke yake, pengine na boksi moja. Uweso hakuweza hata kusimama.

"Nenda na dripu," Uweso alisema. "Chukua unazoweza."

"Nyamaza, Uweso. Nieleze hiki kidude kinavyofanya kazi."

"Kikibonyezwa, kile kitaa chake kidogo kinawaka. Saa hizi hakiwaki."

"Betri uliitia sawasawa? Ile alama ya kujumlisha ilitazama wapi?"

"Juu. Nina hakika, dada."

Alikifungua kwa ukucha. Kweli, alama ilikuwa juu. Alikitikisa sikioni, akasikia betri ikicheza ndani, chaka chaka. Ilikuwa nyembamba kuliko nafasi yake. Haikuwa ikigusa bati la juu. Alitafuta kwenye mkoba wa dawa, akachana karatasi ya madini inayofunika vidonge, akaikunja mara kadhaa, akaishindilia juu ya betri, akabana kifuniko. Akabonyeza. Kitaa kidogo kiliwaka, chekundu, safi.

"Alhamdulillahi!" Uweso alisema.

Lakini gari halikujibu. Alisogea kwenye kioo, akabonyeza. Akaingia ndani, akabonyeza. King'ora kilimpigia kelele masikioni kana kwamba kinamcheka. Wimbi la kwanza lilipita chini ya gari na kurudi na mchanga, na tairi moja ya nyuma ikazama kidogo.

"Basi limeharibika," Uweso alisema, sauti imekwisha.

"Halijaharibika. Rimoti inasema, gari ndilo halisikii. Imekaa bila umeme, pengine gari limeisahau. Ulipolinunua, walilifundisha vipi kuitambua rimoti?"

Uweso alifumba macho. Maji yalikuwa yamemfikia mapajani. "Fundi alilala chali... kichwa chini ya usukani. Alikuwa anabonyeza kitu kule ndani. Na mimi akaniambia niwashe swichi."

"Kitu gani?"

"Sikukiona, dada. Wallahi sikukiona."

Alimwinua kwa makwapa, akamsukuma mpaka kiti cha abiria, akaupandisha mguu wake kwenye dashibodi. Kisha akalala chali kwenye sakafu, kichwa chini ya usukani, miguu nje. Giza, vumbi, na nyaya nyingi zimeviringishwa kama matumbo. Alizifuata kwa vidole, moja moja, jinsi alivyozoea kutafuta mshipa kwa mtoto aliyekauka maji. Wimbi likampiga magoti. Jingine likaingia ndani na kumlowesha mgongo. Waya mmoja mwembamba ulipinda nyuma ya kisanduku cha fyuzi, na mwishoni mwake, palipofungwa kwa utepe mweusi, palikuwa na kitufe kidogo kama punje ya hindi.

"Washa swichi!"

Uweso alinyoosha mkono, akazungusha. Hafsa akabonyeza mara moja. King'ora kikaendelea. Akabonyeza tena na safari hii hakuachia. Aling'ang'ania, maji yakimzunguka masikio, akihesabu pumzi za ndugu yake badala ya zake.

King'ora kilikatika katikati ya ukelele.

"Taa imetulia!" Uweso alisema. "Haipepesi tena! Rimoti, dada, bonyeza rimoti!"

Hafsa aliibonyeza kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Gari likalia *twiit*, taa zote zikamulika juu ya maji ya bahari, na Uweso akaangua kicheko kama mtu aliyefufuliwa.

Hafsa alikuwa na leseni, lakini hakuwahi kuendesha nje ya lami. Alikaa huku nguo zikimchuruzika, akazungusha ufunguo. Injini iliwaka.

"Magurudumu manne. Hiyo gia fupi, sukuma nyuma. Sasa usielekee kijitoni," Uweso alisema. "Hapo kati ni tope tupu. Nenda baharini, pale mawimbi yanapovunjika. Chini yake kuna mchanga mgumu. Nimeupiga kwa mguu wangu."

"Niingie baharini?"

"Ingia. Na ukishaingia usiachie mafuta, maji yasije yakarudi kwenye ekzosi."

Gari lilijinasua kutoka kwenye mchanga kwa mtikisiko, likaingia majini. Wimbi lilipanda juu ya boneti na kukipiga kioo. Kwa kitambo hawakuona kitu ila weupe. Usukani ulitaka kumtoka mikononi. Hafsa aliuminya, mguu umekandamiza, akipiga kelele bila kujua anasema nini. Chini yao mchanga ulishika. Kijito kiliwasukuma ubavuni, kikawasogeza, kikashindwa. Pua ya gari ikainuka. Wakapanda ufukwe wa ng'ambo, wakapita baina ya mivinje, na kusimama juu ya majani makavu, maji yakimwagika kwenye kila tundu la gari.

Uweso alianza kupiga honi. Aliipiga njia nzima ya mashamba ya minazi, mpaka Mivinjeni ilipotokea na watu wakatoka majumbani, wanawake wakipiga vigelegele. Shehe wa kijiji alifungua milango ya madrasa, wagonjwa wakalazwa kwenye mikeka, na Hafsa akatundika dripu kwenye boriti moja baada ya nyingine, akiwa bado na chumvi ya bahari kwenye nyusi. Uweso, mguu umefungwa bendeji, alikaa jikoni nje akichemsha maji na kuchanganya chumvi na sukari sufuria baada ya sufuria. Hakuna aliyemsikia akilitaja gari.

Kesho yake jua lilipopanda, Bi Saleha, mwanamke mzee aliyekuwa ameletwa hajitambui, alifumbua macho, akaitazama dripu, akamtazama Hafsa.

"Shikamoo, bibi," Hafsa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huu mpira mkononi niondolee. Nataka uji."

Uweso alisikia kutoka nje. Aliingia akichechemea, bakuli mkononi, akauweka uji mbele ya bibi kizee, na wote wawili, kaka na dada, wakakaa chini kumtazama anavyokunywa.