Mshipa Uliokataa Kubonyea

Kila asubuhi Mama Ajambo wa kijiji cha Mulanda aliwasha moto kabla kuku hawajatoka bandani. Alipika uji wa wimbi kwa ajili ya mkwewe Resty, aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi na mbili zilizopita. Kisha alimwogesha mjukuu wake, Kate, na kumwombea.

Watu walimjua Ajambo kwa mikono yake. Aliyeteguka kifundo aliletwa kwake. Aliyekakamaa shingo pia. Kabla ya kukanda aliomba, "Bwana, ongoza mikono hii." Kwa miaka thelathini haikuwa imemwaibisha.

Siku hiyo ya kumi na mbili ilikuwa zamu ya Resty. Siku tatu nyuma aliteleza bafuni, na mguu wa kushoto ukaanza kuuma. Jovan, mumewe, akampeleka kliniki huko Busia, Resty akapigwa picha ya eksrei. Mfupa ulikuwa mzima. Lakini sasa mguu ulikuwa umevimba hadi pajani, na ulikuwa wa moto.

Jovan aliinua picha dirishani. "Mama, ona. Hakuna ufa."

"Kama si mfupa, ni kazi yangu," Ajambo alisema, akimimina mafuta kiganjani. "Resty mwanangu, uma kitambaa. Leo nakanda mpaka damu iliyokwama itawanyike."

"Hodi!" Aliingia Among, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuja kuangalia kidonda cha upasuaji. Aliuona mguu. Mkoba ukamponyoka.

"Mama Jovan, usiguse!"

"He! Juzi nilikukanda shingo ukalala kama mtoto. Leo mikono yangu imeoza?"

"Mikono yako ni mizuri, mama. Lakini haioni."

Neno hilo lilimchoma Ajambo. Among akachuchumaa karibu na mkeka.

"Eksrei inaonyesha mfupa. Haionyeshi damu iliyoganda ndani ya mshipa. Mama aliyejifungua damu yake huganda upesi, hasa akipasuliwa na kulala sana. Ukikanda, bonge linaweza kukatika. Litasafiri na damu mpaka kwenye mapafu. Mtu anakosa pumzi, anaanguka, anakufa."

"Sasa tutajuaje?" Jovan aliuliza.

"Kwa ultrasaundi. Twende Tororo sasa hivi."

Ajambo alicheka kwa hasira. "Ile ya wajawazito? Mtoto si huyu hapa analia! Watatafuta nini pajani, pacha wake?"

Hakuna aliyecheka naye. Resty alisema kwa sauti ndogo, "Mama, naogopa."

Ajambo aliangalia mafuta kiganjani. Akayafuta kwenye leso yake. "Jovan, mwite jirani yetu Phillip aje na gari lake la mihogo."

Walimlaza Resty garini, mguu umenyooka. Among alimwambia, "Kifua kikibana, au pumzi ikiwa fupi, sema mara moja." Barabara ilikuwa ya vumbi. Resty alikohoa mara moja. Ajambo akamwinamia haraka.

"Ni nini? Kifua?"

"Vumbi, mama."

Ajambo alimkumbatia Kate na kuomba kimoyomoyo. Alikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Hospitalini, mpimaji aliitwa Opolot. Alimpaka Resty jeli laini miguuni, baridi kama maji ya kisima, akaweka kipimio cha mashine juu yake.

"Inachoma?" Ajambo aliuliza.

"Haichomi, mama. Mashine hii inatuma sauti ambayo masikio yetu hayasikii. Sauti ikigonga nyama na mishipa, inarudi na kuchora picha. Sogea uone kwenye skrini. Duara hili ni mshipa wa mguu wa kulia, usio na ugonjwa. Sasa nabonyeza polepole."

Duara likafumba kama mdomo.

"Vizuri. Damu ni majimaji, inasogea. Sasa mguu wa kushoto."

Alibonyeza. Duara halikufumba. Alibonyeza tena, kidogo tu. Likabaki vilevile. Akawasha rangi inayoonyesha damu inavyopita. Kwenye mguu wa kulia rangi ilipita kama kijito. Kwenye wa kushoto palikuwa peusi.

"Bonge la damu," Opolot alisema. "Limeanzia nyuma ya goti, likapanda."

Ajambo alishika ukingo wa kitanda. "Baba, jana nilimkanda. Kidogo."

Jovan aligeuka. Opolot aliondoa mkono. "Kwa nguvu?"

"Alilia. Nikaacha."

"Basi mshukuru Mungu kwa kilio chake."

Resty alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alimwanzishia sindano, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda. Alisema, "Miezi mitatu. Usiruke hata siku moja. Mtoto aendelee kunyonya." Kila jioni Ajambo ndiye aliyeleta maji ya kumezea dawa, akisimama mpaka kidonge kimemezwa.

Miezi mitatu ilipokwisha, miguu yote miwili ya Resty ilikuwa sawa. Alikuwa akianika mihogo siku Okwi, mkulima wa kijiji cha Kiyeyi, alipokuja akichechemea na chupa yake ya mafuta.

"Mama, nimesikia habari za mikono yako. Nilikuwa nimelazwa na malaria kali. Nimetoka, mguu umevimba."

Ajambo aliugusa kwa mgongo wa kiganja tu. Ulikuwa wa moto. "Na ule mwingine?"

"Mzima kabisa."

"Chukua mafuta yako."

"Utaniacha hivi, mama?"

"Sikuachi. Mikono yangu haioni ndani. Tororo kuna mashine inayoona." Aliingiza miguu kwenye ndala. "Resty, niletee leso yangu. Huyu nampeleka mwenyewe."