Wifi, Una Nini Kwenye Kichupa?

"Wifi! Unapaka nini kwenye mashine yangu?!"

Aliruka kama kaguswa na umeme. Mkono mmoja kashika mchapo, ule wa waya wa kupigia mayai. Mkono wa pili... kichupa!

Jamani, nilijua tu.

Ngoja niwaeleze. Mimi natengeneza keki nyumbani. Wiki iliyopita wifi yangu, dada wa mume wangu, kahamia kwetu. Siku hiyo hiyo nikanunua aproni mpya, asije kusema kaka yake kaoa mchafu.

Na tangu ahamie, ute wa mayai umegoma kuumuka! Mashine inazunguka mpaka inapata moto, bakulini maji matupu. Mara tatu!

Na leo saa kumi bibi harusi anakuja kuonja. Anataka keki yenye povu jeupe juu. Kashaniambia, "Dada, ikishindikana tena natafuta mwingine."

Sasa nyie niambieni. Kaja yeye, mayai yamegoma. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Nipe hicho kichupa."

"Wifi, tulia kwanza..."

"NIPE!"

Nikanusa. Siki.

"Siki ya nini? Unaniharibia kazi?"

"Natoa mafuta! Ute ukigusa mafuta kidogo tu, hauumuki ng'o. Kila asubuhi nausugua huu mchapo, kesho yake nakuta unateleza tena."

"Nani anaupaka? Mchana humu tuko wawili tu!"

"Ndiyo maana nilinyamaza," akasema. "Nikajua hunitaki kwako, unatafuta cha kunisingizia."

Heee! Kumbe na mimi nashukiwa?

Nikamnyang'anya mchapo. "Lete hapa, uone kama mimi napaka kitu!"

Nikaufuta vizuri kwa aproni, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kuuchomeka kwenye mashine...

Wifi akaangua kicheko mpaka machozi.

"Wifi yangu... kweli kikulacho ki nguoni mwako. Hebu jitazame!"

Nikatazama chini. Aproni! Wiki nzima napaka trei siagi, halafu vidole vyote kumi najifutia pale. Inang'aa kwa mafuta!

Mchawi nilikuwa mimi.

Tukasugua bakuli na mchapo kwa siki, tukafuta kwa kitambaa kisafi. Mayai mapya. Mashine ikawashwa. Sikuthubutu kuangalia.

"Kaa chini," wifi akaniambia.

"Ya nini?"

"Ute uliosimama haumwagiki. Nalipindua bakuli juu ya kichwa chako. Unaniamini, huniamini?"

Nywele nimesuka jana, jamani! Na huyu ndiye nimemfokea sasa hivi...

Nikakaa. Nikafumba macho.

Halikudondoka hata tone.

Bibi harusi kala vipande vitatu, oda kaniachia. Wifi nimemwomba msamaha mbele ya kaka yake, na haondoki mtu hapa.

Ndugu zangu, kabla hujakagua mikono ya mwenzio, kagua kwanza unapojifutia yako.