Kapu Lililogeuka Taa

Kila jioni Nimpaye alianza na mbuzi, akamalizia na taa. Akishawafunga mbuzi na kunawa miguu, alibonyeza swichi, na nyumba yao kijijini Mbuba ikajaa mwanga mpaka kwenye pembe za dari. Umeme ulikuwa bado mgeni pale nyumbani. Baba yake, Bizimana, alikuwa amenunua balbu Ngara mjini, ile nyeupe inayotumia umeme kidogo, na kila aliyeingia ndani alisimuliwa.

"Hii si kama zile za zamani," alisema. "Inawaka jioni nzima na mita ya LUKU wala haishtuki!"

Lakini balbu ilining'inia kwenye waya mtupu, na mwanga wake ulichoma macho. Nimpaye alipokuwa akisoma alikunja uso kama mtu anayetazama jua. Alikumbuka taa alizoziona dukani siku ile waliyokwenda kununua balbu. Zilikuwa zimevikwa vifuniko vizuri, vingine mfano wa ua, vingine mfano wa kengele. Baba alisikia bei yake akatoka dukani bila kuaga.

Katika chumba cha ndani palikuwa na kapu la nyasi lenye michoro myeusi. Lilikuwa la jirani yao Esperansia, ambaye watu humwita Mama Nice. Mama yake Nimpaye, Domisiana, alipougua malaria, Mama Nice alilileta limejaa unga wa mtama wa uji. Mama akapona, unga ukaisha, kapu likabaki.

"Wamelisahau," Nimpaye alijiambia. Moyoni alijua kwamba hakuna mtu aliyemwambia hivyo.

Siku moja, mama akiwa shambani, alichukua kisu akatoboa tundu kwenye kitako cha kapu. Mdogo wake Frednand akamtazama kwa macho makubwa.

"Unaivalisha balbu kofia?"

"Nyamaza wewe. Utaona."

Baba hakuyajua makapu ya nyumba, hayo yalikuwa mambo ya mama. Alipoonyeshwa, alicheka kwa furaha. "Lakini waya usiguse, hiyo ni kazi yangu," akasema. Akazima umeme, akalitundika kapu kifudifudi. "Balbu ya zamani ingeziunguza hizi nyasi. Hii joto lake ni dogo, ila tuiachie nafasi."

Taa ilipowashwa, mwanga ulishuka mezani taratibu, haukuchoma tena macho. Sebule ile ile ikawa kama ya watu wengine. Mama alirudi na mzigo wa kuni, akapitiliza jikoni. Hata kabla hajawaita watoto kula, mlangoni kukasikika hodi.

"Shikamoo, Mama Nice," Nimpaye akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. He! Hapa mmeweka taa au mmeteka mwezi? Bizimana, siku hizi tuje kwako kwa barua?"

Walicheka wote isipokuwa Nimpaye. Mama akaja kutoka jikoni akijifuta mikono.

"Nice amejifungua kule Nyarubungo," Mama Nice akasema. "Jumamosi nakwenda kumwona mjukuu. Nimekuja kuchukua lile kapu langu. Alilisuka marehemu mama, akanijia nalo nilipomzaa Nice. Sasa zamu yangu."

Mama akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Nilikuwa nangoja mtama wetu ukomae. Ningekurudishiaje kapu tupu?"

Hapo ndipo Nimpaye alipoelewa. Kapu halikuwa limesahauliwa. Lilikuwa linangoja kujazwa.

Mama aliingia chumbani, akatoka mikono mitupu. "Nimpaye, kapu liko wapi?"

Frednand alitazama juu, kisha upesi akatazama miguu yake. Nyumba ile ilikuwa na panya. Nimpaye angesema panya wamelitafuna, nani angebisha?

"Lile pale juu, mama," akasema. "Nimelikata mimi. Nilijua ni la Mama Nice. Baba hakujua."

Mama Nice aliweka kiganja juu ya macho, akaitambua michoro. Akakaa kwenye kiti polepole.

"Mikono ya mama yangu," akasema. "Umeniumiza, mtoto. Lakini ungesema ni panya, ningemlaani panya wa watu bure mpaka naingia kaburini. Ahsante kwa kusema."

Mama akampa Mama Nice kapu lake mwenyewe, lile la harusi yake, aende nalo Nyarubungo. Nimpaye akapewa nyasi, uzi wa katani na sindano, asuke jingine.

Kapu lake la kwanza lilivuja mtama kila upande. "Hilo chujio!" Frednand akamcheka. La pili lilikaa upande kidogo, lakini halikuvuja. Mtama ulipovunwa, Nimpaye alilijaza unga, akalipeleka kwa Mama Nice pamoja na lile la zamani.

Mama Nice alilipokea la zamani kwa mikono miwili. "Hili mume wangu atalitundika kwenye balbu yetu. Mama yangu hakuwahi kuuona umeme, sasa atatumulikia." Akamimina unga, kisha akalijaza kapu jipya ndizi.

"Hili sasa ni lako, Mama Nice," Nimpaye akasema.

"Najua. Mama yako atanirudishia. Sikiliza, mwanangu. Cha mtu huombwa. Ukikosea, sema mapema, maana uongo hauna kiraka. Na kapu la jirani likikaa kwenu, usidhani limesahauliwa. Linangoja shukrani."

Nimpaye alibeba ndizi kichwani mpaka nyumbani. Sebuleni, lile kapu lililovuja lilikuwa limeshatundikwa kwenye balbu, na kila penye tundu mwanga ulipenya, ukatapakaa ukutani kama vimulimuli.

"Mama," aliita, "mtama wetu umebaki kiasi gani?"