Kibali cha Kiwanja cha Kisima

Harufu ya tope ilianzia katika chumba cha mitambo, kiangazi kikali, vumbi limetanda mji mzima. Fundi wa kompyuta wa halmashauri akadhani bomba limepasuka. Akainama kukagua sakafu. Kavu.

Ni yeye aliyeweka ramani za viwanja na maombi ya vibali mtandaoni, kila mtu ajionee ombi lake limefika wapi, asizungushwe na ile "njoo kesho" ya makarani. Watu walimshukuru. Mdogo wake naye akaomba kujenga duka la mikate kwenye kiwanja ambacho makarani wa zamani walikuwa wakikikwepa bila kusema kwa nini. Mfumo haukuona kasoro, ukapitisha. Asubuhi ile ile harufu ilipoanza, vibarua walifukia kisima kilichokuwa pale na kuchimba msingi.

Jioni simu ikalia.

"Wifi, njoo haraka," mke wa mdogo wake alinong'ona. "Mume wangu amekaa ndani ya msingi, hatoki. Na hiyo sauti, wifi... si yake."

Fundi alimkuta mdogo wake ameloa chapachapa, tope likimtoka mdomoni, na mganga aliyeitwa na majirani amechuchumaa ukingoni akisoma dua kwa sauti iliyozidi kufifia, maana kila neno alilotamka lilirudishwa kutoka chini kwa sauti ya kike, polepole, kama ya mtu anayejifunza kusema, huku harufu ile ile ya ofisini ikipanda na kuwajaa puani mpaka mke wa mdogo wake akaanza kutapika.

"Unataka nini?" mganga aliuliza.

"Mmetangazia dunia nzima. Kwangu nani alibisha hodi? Mmeziba nyumba yangu. Nikalale wapi?"

"Usimjibu," mganga alimnong'oneza fundi. "Ukimjibu tu..."

Lakini mdogo wake alikuwa anakakamaa, macho yamegeuka meupe.

"Popote!" dada mtu akapiga kelele. "Kalale popote unapotaka, mwachie ndugu yangu!"

Mdogo wake akakohoa, akapepesa macho. "Dada? Mbona nimeloa?"

Wakamkumbatia, wakilia na kucheka. Mganga hakucheka. Alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga.

Wakiwa njiani kumrudisha nyumbani, mama yao akampigia dada mtu simu. Alizungumza chini chini, kama mtu aliyejificha.

"Mwanangu, huyu mgeni uliyemwelekeza kwangu... nimemfungulia, kaingia. Nimempa kiti, kakataa. Amelala kitandani kwangu. Na maji yanapanda."